Mavyaa Hakuliharibu Friji

Friji letu lilikuwa limebonyea ubavuni, na hiyo ndiyo sababu likawa letu. Mume wangu alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya ufuoni kule Diani, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Hoteli iliagiza mafriji mapya, na moja likagongwa na kasha jingine ndani ya lori. Meneja hakulitaka tena, akamwachia mume wangu. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya hoteli, na mtambo uliowasha taa za wageni ndio uliowasha na zetu.

Lilifika asubuhi ndani ya kasha la mbao, na wake wa wafanyakazi wote wakaja kutazama. Mimi nilikuwa nimesoma Mombasa hadi darasa la nane, jambo la nadra kwa binti wa mvuvi wa Bodo, na katika mstari ule wa nyumba hakukuwa na mwanamke mwingine aliyejua Kiingereza. Ndani ya friji mlikuwa na kijitabu cha maelezo. Nikasimama katikati yao nikakisoma kwa sauti.

Ukurasa wa kwanza niliuelewa. Kurasa zilizofuata zilikuwa na michoro na maneno ya kifundi ambayo sikuwahi kuyaona. Sikunyamaza. Niliyapita kwa sauti ileile, nikiruka kila neno lililonishinda, kisha nikawafasiria mambo ya kubuni.

“Wanasema lisiwekwe juani,” nikasema, “na mlango usiachwe wazi.”

“Ama kweli kusoma ni nuru,” akasema jirani yangu mmoja, na mimi nikakifunga kijitabu na kukitia kabatini. Sikukitoa tena kwa muda mrefu.

Wakati huo mavyaa, mama mzazi wa mume wangu, alikuwa amekuja kukaa nasi. Alikuwa mjane kutoka upande wa Kinango, mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Alikuwa amezoea kuamka alfajiri na kwenda lamboni kuteka maji, na ukame ukizidi alikuwa akikesha foleni huko. Alipoonjeshwa maji baridi mara ya kwanza alishika bilauri kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akaniangalia na kucheka kama msichana. Tangu siku hiyo friji lilikuwa lake kwa mapenzi. Alilipangusa kila siku kwa kitambaa chenye unyevu, ndani na nje, hata miguuni.

Mimi nilimheshimu kwa nje. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, nilimtengea chakula kwanza. Lakini ndani ya moyo wangu nilimwona mtu wa nyika. Sisi wa pwani tulikuwa na ugonjwa huo, na sisemi umekwisha. Alivyotamka maneno, alivyokaa sakafuni ilhali viti vipo, alivyouita umeme “moto”, yote hayo yalinifanya nijione nimeolewa chini yangu. Sikumwambia mtu. Ila mtu hufichua yaliyo moyoni siku anapokasirika.

Friji lilikuwa na kelele tangu siku ya kwanza. Tulidhani ndivyo yalivyo. Lilinguruma sakafu ikatetemeka kidogo, na likizima lilipiga gu, gu, gu, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Mume wangu alisema ya hotelini hayakuwa na makelele hivyo, lakini hayo ya hotelini yalikuwa katika jiko kubwa lenye watu na masufuria, nani angeyasikia?

Kisha mimi nikalihamisha. Lilikuwa jikoni, ambako wageni hawaingii, nami sikuona faida ya kuwa na kitu kama kile kikafichwa. Siku moja mume wangu akiwa kazini niliwaita vijana wawili wa bustani wakalisukuma hadi sebuleni, pembeni mwa dirisha, mgongo wake umeegemea ukuta. Sakafu ya pembe ile ilikuwa imedidimia upande. Hilo nililiona, nikatia kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, nikatandaza kitambaa cha kufuma juu yake na kuweka chupa ya maua.

Kuanzia hapo kelele ziliongezeka. Chupa ya maua ilitembea yenyewe juu ya friji mpaka ukingoni. Tukizungumza, likiwaka tulilazimika kupaza sauti. Mume wangu akauliza kama kulihamisha ndiko kulikoleta shida. Nikasema kuhamisha kitu hakukiharibu, mbona meza huhamishwa?

Siku ya kisu nilikuwa nimekwenda Ukunda kununua nazi na mchicha. Niliporudi adhuhuri nikakuta mlango wa nyumba wazi, na jirani yangu, yule aliyesema kusoma ni nuru, amekaa sebuleni na mtoto wake mapajani. Mtoto alikuwa na homa kali, macho yamelegea. Mavyaa alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, mlango wazi, na kisu cha jikoni mkononi, akichokoa barafu iliyokigandisha kisinia cha juu, kile cha kutengenezea vipande vya barafu. Alikuwa ameshapata vipande kadhaa, amevifunga katika leso na kumwekea mtoto kichwani.

Ningeweza kumsaidia. Badala yake nilitua kikapu na kupiga kelele.

“Mama! Unafanya nini? Hiki si kibuyu cha kuchokoa kwa kisu!”

“Mtoto anaungua, mwanangu. Kisinia hakikutoka.”

“Ndiyo maana linanguruma! Kumbe kila siku nikitoka unalichokoa! Mtu ambaye hajui kitu hakigusi.”

Alisimama polepole. Alitazama kisu, akakiweka mezani, akajifuta mikono kwa kanga. Jirani alitazama chini. Mtoto alilia kidogo, na friji likawaka kwa mngurumo wake, nami nikalinyooshea kidole kana kwamba limenitolea ushahidi.

“Nilikuwa sijawahi kulichokoa kabla ya leo,” akasema mavyaa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, “Lakini kama ni mimi, ni mimi.”

Mume wangu aliporudi jioni nilimpa habari upande wangu. Hakumgombeza mama yake. Alimwuliza tu, naye akajibu vilevile, kama ni mimi, ni mimi. Baada ya siku tatu mavyaa alisema amewakumbuka mbuzi wake na wajukuu wa kule, akafunga mzigo wake mdogo, akarudi Kinango. Mimi nilimfungia maandazi ya njiani. Nilijiona mtu mwema kwa maandazi yale.

Fundi alikuja majuma mawili baadaye. Alikuwa akivuka kivuko cha Likoni kila mwezi kuja kukagua vyumba vya baridi vya hoteli, na mume wangu alimwomba apite nyumbani akimaliza. Alikuwa mtu wa makamo, Mswahili wa Mombasa, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mpole wa maneno.

“Hodi. Hujambo, mama? Mgonjwa ndiye huyu?”

“Sijambo. Ndiye. Limeharibiwa kwa kisu,” nikasema.

“Nani kaliharibu?”

“Mavyaa wangu. Mtu wa shamba, hakujua.”

Alivuta kiti, akakaa karibu na friji, akafumba macho na kulisikiliza tu, kwa muda mrefu hata nikadhani anasinzia. Kisha alianza kazi, na kwa kuwa nilisimama pale kama mwenye nyumba anayejua mambo, alinieleza kila hatua.

Kwanza aliondoa chupa ya maua na kitambaa. Akatoa chupa zote za ndani, maana chupa zikigusana hupiga kelele ambazo mtu hudhani ni za mashine. Ngurumo ikabaki. Akajaza bilauri maji akaiweka juu ya friji, tukaona maji yamelala upande. “Limeinama,” akasema, na akachungulia kipande changu cha mbao. Akalivuta kutoka ukutani. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka mistari mistari pale mabomba yalipokuwa yakisugua. Akayashika kwa vidole moja baada ya jingine ili kuona lipi linatetemeka. Sauti ilipungua kidogo, lakini haikwisha.

“Sasa tutazame hicho kisu,” akasema.

Akafungua mlango, akamulika kwa tochi kile kijisanduku cha barafu. Mikwaruzo ilikuwepo. Alipitisha ukucha juu yake. “Haya ni makovu ya juu tu. Kisu kingetoboa hapa, gesi ingetoka yote, na friji lisingegandisha tena hata tone. Wewe unapata barafu?”

“Napata.”

“Basi kisu hakina kesi.”

Nilihisi masikio yanapata moto. Nikasema, kwa ubishi, “Labda kiliharibu kitu cha ndani.” Akasema tutaona. Akabana kipande cha gazeti kwenye mlango akakivuta kuona kama raba bado inashika; ilishika sawasawa. Akazungusha kile kitufe cha kuongeza na kupunguza baridi mpaka kikalia ta, mashine ikazima, na ile gu, gu, gu ikasikika. Hapo akainua kichwa haraka, kama aliyeitwa jina. Akachomoa waya ukutani, akatoa mita yake, akagusisha sindano zake mbili kwenye kidude cha kuwashia mota, kisha kwenye mota yenyewe, akisoma mshale na kujisemea, “Hiki kizima. Na hiki kizima.”

Mwishowe alitandika gunia sakafuni, akalala kifudifudi nyuma ya friji, akaingiza mkono wenye tochi chini kabisa, kwenye ile mota nyeusi iliyo kama chungu. Kisha akacheka kicheko kifupi.

“Njoo uone, mama.”

Niliinama. Mota ilikuwa imekaa juu ya springi, na kupitia kila springi palikuwa na boliti iliyopakwa rangi nyekundu, imekazwa kabisa. Kwenye boliti mojawapo palifungwa kwa uzi kikaratasi kigumu, nacho kimeandikwa kwa herufi nyekundu.

“Hizi hukazwa kiwandani,” akaeleza, “ili mota isirukeruke safarini. Likifika nyumbani, unazilegeza, mota ikae juu ya springi ielee. Zikibaki zimekazwa, kila mtetemo unakwenda mwilini mwa friji, na kutoka hapo sakafuni. Maskini, limekuwa likifanya kazi huku limefungwa kamba tangu siku lilipofika.” Akakata uzi kwa kijikisu chake, akanipa kikaratasi. “Mimi Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Wewe umesoma. Kimeandikwaje?”

Nilikisoma. Safari hii nilielewa kila neno, maana hayakuwa magumu. Legeza boliti hizi kabla ya kuwasha. Basi. Kijitabu nacho, nilipokitoa kabatini baada ya yeye kuondoka, kilikuwa na maneno hayohayo kwenye ukurasa wa tatu, pamoja na mchoro.

“Hamkupewa kitabu chake?” akauliza fundi.

Nikasema, “Hapana.”

Alinitazama juu ya miwani. Sijui kama aliamini. Alichukua spana, akalegeza boliti moja moja, akasawazisha miguu ya friji, akatupa kile kipande cha mbao, kisha akachomeka waya. Friji likawaka, nasi tukasikia kuku wa jirani na mtu akifua nguo nje. Lilikuwa likifanya kazi na sebule ilikuwa kimya.

Fundi akiwa anafunga vyombo vyake, nilimwomba. Sikupata njia nzuri ya kulisema. “Tafadhali, usimweleze mume wangu habari za hizi boliti.”

“Na mavyaa wako?”

“Nitamwambia mwenyewe.”

“Inshallah,” akasema, akaenda zake.

Kile kikaratasi nilikitia jikoni kwenye makaa. Mume wangu aliporudi alisimama sebuleni akisikiliza, akafurahi. Akauliza lilikuwa na nini. Nikasema fundi kasema kuna kitu cha ndani kilicholegea. Ukweli ulikuwa kinyume chake, maana ubaya ulikuwa kukazwa, lakini mwongo hachagui sana.

“Basi ni kile kisu cha mama,” akasema.

Nami nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko ninakokuona hadi leo, mimi nimesimama na upawa mkononi, na mlango wa kusema ukweli uko wazi mbele yangu, sipiti.

Tulikwenda Kinango kumrudisha. Nilikuwa nimejiambia nitasema nikifika huko, tukiwa sisi wawili tu. Lakini tulipofika tulikuta ukoo umekaa: shemeji yangu mkubwa, shangazi wa mume wangu, wazee wengine wawili. Mavyaa alikuwa amewaambia wote kwamba ameharibu mashine ya mwanawe. Hakuwaambia kwamba mimi nilimfokea. Alijishitaki tu. Na shemeji akasimama akaleta mbuzi jike, mweupe mwenye mabaka, wa mavyaa mwenyewe.

“Mama amesema hawezi kurudi nyumbani kwa mwanawe mikono mitupu baada ya kumtia hasara,” akasema.

Mume wangu alikataa. Akasema mama hamlipi mwana. Wazee wakasisitiza kwamba si malipo, ni kuondoa uzito. Mavyaa aliniangalia mimi, si mwanawe, akaniuliza, “Limepona, mkaza mwanangu?”

“Limepona, mama. Yamekwisha.”

“Alhamdulilahi,” akasema, yeye ambaye hakuwa hata Mwislamu, kwa kunipendeza mimi.

Mbuzi tulirudi naye juu ya basi. Alizaa kwetu mara mbili.

Mavyaa alikaa nasi miaka mitano baada ya hapo. Hakuligusa friji tena. Kulipangusa aliacha. Akitaka maji yaliyomo alimwomba mtu, na kama hakuna mtu alikunywa ya mtungini. Mara nyingi nilimwambia, “Mama, fungua tu,” naye akajibu, “Mkono wangu mzito.” Kila mara nilipata nafasi ya kusema, na kila mara nilisema kesho. Nikazaa watoto wawili. Nikawa mtu wa kusifiwa na majirani kwa jinsi ninavyomtunza mkwe. Sifa hizo nilizipokea.

Kilichonivunja ni mwanangu wa kwanza. Siku moja asubuhi nilikuwa uani nikianika nguo, nikamsikia mavyaa ndani akimkataza mtoto asivute mlango wa friji. Hakuwa mkali. Alikuwa akimsimulia.

“Usivute, mjukuu wangu. Bibi yako alilivunja zamani kwa ujinga wake, mama yako akapata tabu. Mimi sikusoma. Wewe utasoma kama mama yako, hutavunja vitu.”

Nilisimama na shuka iliyolowa mikononi. Kisha nikaingia, nikamtoa mtoto nje, nikakaa sakafuni mbele yake. Nilimweleza yote: kijitabu, boliti, kikaratasi, makaa ya moto. Nilimwambia kwamba kelele zilizidi kwa sababu nililihamisha mimi, ili wageni walione. Nilimwambia fundi alisema kisu hakina kesi. Nililia, lakini hilo silitaji kwa kutafuta huruma, maana hata nilipokuwa nikilia nilijua ninatarajia aniambie ninyamaze, yamepita.

Hakuniambia. Aliweka mikono juu ya magoti. Baadaye akauliza, “Ulijua siku ile tuliyokuwa Kinango?”

“Nilijua.”

“Mbuzi akitolewa, ulikuwa unajua.”

“Ndiyo, mama.”

“Na mwanangu?”

“Hajui hadi leo.”

Akageuza uso dirishani. “Mimi nilidhani nina mkono mbaya,” akasema. “Hata kule nyumbani nilikuwa naogopa kushika vitu vya watu. Mke wa mwanangu mkubwa alinunua saa, sikuthubutu kuiangalia karibu.”

Nikamwambia nitamlipa. Nitampelekea shemeji mbuzi wawili, watatu, na nguo za shangazi.

“Usiende na mbuzi,” akasema. “Mbuzi hasemi. Nenda na mdomo wako. Mimi nilisema mbele yao, na wewe utasema mbele yao. Na mume wako umwambie leo kabla hajala.”

Nilimwambia mume wangu kabla hajala. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliondoka akaenda kutembea ufuoni, na kwa majuma mengi alizungumza nami kwa adabu tu, kama tunavyozungumza na mgeni, jambo ambalo lilinichoma kuliko matusi. Mwisho wa mwezi akachukua ruhusa kazini, tukapanda basi sote: yeye, mimi, watoto na mavyaa.

Ukoo ulikusanyika kama ile mara ya kwanza, ila safari hii walikuwa wengi zaidi, maana ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe na ndugu wa vijijini walikuwa wameingia mjini. Niliwaamkia mmoja mmoja. Mavyaa alikaa kwenye mkeka karibu na mzee mmoja, kaka yake mkubwa, ambaye sikumwona mara ya kwanza. Shemeji akaniambia, “Tumeambiwa una neno.”

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, mazuri, ya kuzunguka, yaliyoanza na shetani alinipitia. Nilipofungua mdomo sikuyaona tena. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba mama hakuharibu kitu, kwamba aliyekosea ni mimi, kwamba nilijua na nikanyamaza huku mbuzi wake akitolewa.

Shangazi alishika tama. Mume wangu alikuwa akitazama ardhi katikati ya miguu yake. Nikadhani nimemaliza, nikaanza kukaa.

“Ngoja,” akasema mavyaa. Hakuwa na hasira usoni, wala furaha. Alimwekea mkono begani yule kaka yake mzee. “Huyu masikio yake hayasikii vizuri. Sema tena, kwa sauti.”

Nikasimama tena, nikasema.